Maji Yaliyojificha Juu ya Dari

  Leo sizungumzi juu ya uji wala chanjo. Leo nataka tuinue macho tutazame darini.

Msimu mmoja wa masika, mama mmoja wa hapa kwetu Eastlands alimleta mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu kliniki mara tatu katika wiki saba. Ni kifua tu. Kila mara tulimtibu, akapata nafuu, kisha akarudi akikohoa vilevile. Nikauliza maswali yetu ya kawaida. Moshi wa jiko? Hapana, anapikia gesi. Kuna anayevuta sigara nyumbani? Hakuna. Kadi ya chanjo ilikuwa sawa. Swali ambalo ningeanza nalo nililiuliza mwisho: mchana mtoto analala wapi? Akajibu, "Namwacha kwa mama wa kulea watoto, sista, pale juu ya maduka."

Nilikwenda kuona. Lilikuwa jengo la orofa kadhaa, chini maduka, na chumba cha watoto kilikuwa orofa ya mwisho kabisa. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, vikombe vimefunikwa. Yule mlezi simlaumu hata kidogo. Dari ilikuwa ya bodi, imepakwa rangi nyeupe majuzi. Lakini chumba kilinuka kama gunia lililolowa. Tulipovuta kabati lililoegemea ukuta, nyuma yake palikuwa peusi tii kwa kuvu. Fundi aliposhusha bodi moja ya dari, upande wa juu ulikuwa umeoza, na maji yakamdondokea usoni.

Mama, paa la mabati likivuja halifichi. Unasikia to, to, to, unaweka sufuria. Paa bapa la saruji, lile tunaloanikia nguo na kuwekea matangi, lina tabia nyingine. Halina mteremko wa kutosha, kwa hiyo mifuko ya plastiki na majani yakiziba matundu ya kutolea maji, maji husimama pale siku nyingi. Jua la mchana huitanua saruji, baridi ya usiku huikaza, na nyufa nyembamba hufunguka. Maji huingia humo, yakafuata vyuma na mipira ya waya za stima iliyo ndani ya saruji, yakatokea mbali na pale yalipoingia. Ndiyo maana doa unaloliona kwenye kona huenda linatoka upande wa pili wa jengo. Na kama kuna dari ya bodi chini yake, unaweza kukaa miezi bila kuona doa lolote.

Madhara yake ni nini? Nianze na kuvu, kwa sababu ndiyo inayowaleta watoto kwangu. Kuvu hutoa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, na mtoto anazivuta kila anapopumua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilieleza kwamba watu wanaokaa katika majengo yenye unyevu na kuvu hupata zaidi kukohoa, kukoroma kwa kifua, pumu na maambukizi ya njia ya hewa. Dawa ya kliniki itamtuliza, lakini kama kesho yake analala chini ya dari ile ile, tutaonana tena.

Jambo la pili linahusu duka la nafaka. Mahindi na njugu zikipata unyevu huota kuvu, na aina fulani ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, huko Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Wale walikuwa wamehifadhi mahindi yakiwa na unyevu. Halikuwa suala la paa. Lakini gunia lililokaa chini ya slabu inayovuja linapata unyevu ule ule. Na kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Usiseme, "Nitapika uji vizuri." Ukiona punje zimebadilika rangi au zinanuka uvundo, usinunue hata kwa bei ya kutupa, wala usiwape kuku.

Stima nitaitaja kwa ufupi: taa ya darini yenye maji ndani, au ukuta unaokutekenya ukiugusa, si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi. Zima stima kwenye swichi kuu, toa watoto, ita fundi.

Halafu kuna vyuma. Chuma kikipata kutu huvimba, kikaipasua saruji iliyokizunguka, plasta ikaanza kuanguka vipande. Uzito nao upo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 10,000 ni tani 10 juu ya vichwa vyenu. Sisi wa Eastlands hatujasahau usiku wa Aprili 29, 2016, jengo lilipoporomoka Huruma mvua kubwa ikinyesha, zikapotea roho za watu wapatao 50. Lile lilikuwa limejengwa kando ya mto, sisemi lilianguka kwa paa. Nasema mvua hulipata jengo dhaifu likiwa limekwisha kudhoofika. Ukiona nguzo au boriti ina ufa unaopanuka, ondokeni kwanza, mazungumzo baadaye.

Basi unapompeleka mtoto kwa mlezi, nusa chumba. Uliza, "Mama, juu yenu kuna nini?" Tazama nyuma ya kabati na chini ya godoro. Rangi mpya kwenye kona moja tu inatakiwa ikutie shaka, maana wenye nyumba wengi hupaka rangi kabla ya kuziba maji. Kuvu kidogo ioshe kwa maji na sabuni, watoto wakiwa nje na madirisha wazi, kisha pakauke. Usichanganye dawa ya kung'arisha nguo na dawa nyingine ya choo, hewa yake inaua. Na kama maji bado yanaingia, unajichosha bure.

Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia, au wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, mlete kliniki siku hiyo hiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje hata kupambazuke.

Mwenye nyumba akikataa kusikia, nendeni kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lenu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inampa uwezo wa kumwagiza mwenye jengo aondoe kinachohatarisha afya. Nendeni wazazi kadhaa pamoja. Kwa lile jengo nililowaambia, walikwenda akina mama sita. Ikagunduliwa kwamba boya la tangi liliharibika zamani, maji yakawa yanafurika kila usiku bila mtu kujua. Watoto walihamishiwa orofa ya kwanza wakati slabu ikikaushwa na kupakwa lami. Yule mtoto wa kifua alirudi kliniki miezi miwili baadaye, kupimwa uzito tu.