Magurudumu Kwanza: Namna ya Kuipa Uhai Pikipiki Kuukuu ya Parokia



Parokia nyingi za vijijini zina pikipiki iliyofanya kazi miaka mingi: Yamaha DT125, Yamaha AG100, Honda XL125 au nyingine ya rika hilo. Ndiyo inayomfikisha katekista kwenye vigango vya mbali, na ndiyo inayompeleka mhudumu kwa wagonjwa walioko majumbani. Injini bado inawaka, lakini dereva analalamika. Pikipiki inayumba kwenye mchanga, inateleza kwenye matope, na kila wiki ina pancha. Kamati inakaa, inahitimisha kwamba chombo kimezeeka, na barua ya kuomba pikipiki mpya inaandikwa.

Kabla ya barua hiyo tunaomba jambo moja: kagueni magurudumu. Mara nyingi kilichozeeka ni rimu, spoki, beringi na matairi, na vyote hivyo hubadilishwa kwa sehemu ndogo ya bei ya pikipiki mpya.

Anzeni na gurudumu lenyewe

Kosa la kawaida ni kununua tairi jipya na kulifunga kwenye gurudumu bovu. Fundi aiinue pikipiki juu ya kigogo imara, kisha afanye vipimo vitatu.

Kwanza, azungushe gurudumu huku ameshika penseli karibu na ukingo wa rimu. Rimu ikicheza zaidi ya milimita 2, iwe kwa pembeni au kwa juu na chini, inahitaji kunyooshwa.

Pili, agonge spoki moja moja kwa spana ndogo. Spoki iliyokazwa hulia kwa sauti kali, na iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa. Spoki chache zikilegea, mzigo wote hubebwa na zile zilizobaki, nazo hukatika moja baada ya nyingine.

Tatu, ashike gurudumu na kulitikisa kushoto na kulia. Likigonga, huenda beringi zimekwisha. Aangalie pia bushi za uma wa nyuma na beringi za usukani, maana nazo zikilegea huleta dalili kama hiyo.

Rimu ya chuma iliyoliwa na kutu kwa ndani itakata tyubu kila mara. Kutu ndogo husuguliwa kwa msasa, kisha utepe mpya wa mpira ukafunika vichwa vya spoki. Kutu ikiwa imetoboa, nunueni rimu nyingine. Ya aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu kama ya chuma, ila lazima iwe na upana ule ule na idadi ya matundu sawa na ya kitovu cha gurudumu. Hesabuni matundu kabla ya kulipa.

Wako wanaoshauri rimu za kumimina zisizo na spoki, kwa kuwa zinapendeza. Barabarani mjini hazina neno. Kwenye njia ya mawe, rimu ya spoki ikipinda hunyooshwa na fundi wa kijijini. Ya kumimina ikipasuka, safari imekwisha.

Kusoma namba za tairi

Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi ambayo kila mjumbe anayeidhinisha malipo anapaswa kuyajua.

Namba kama 2.75-21 ina maana kwamba upana wa tairi ni inchi 2.75 na linakaa kwenye rimu ya inchi 21. Honda XL125S, kwa mfano, hutumia 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma. Matairi mengine huandikwa kwa milimita. 90/90-18 ni upana wa milimita 90, kimo cha asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 81, na rimu ya inchi 18.

Baada ya hapo huja namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Namba 45 ni kilo 165, 52 ni kilo 200 na 60 ni kilo 250. Herufi P ni mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa. Pikipiki inayobeba watu wawili na sanduku la dawa haipaswi kufungwa tairi lenye namba ya mzigo iliyo chini ya ile ya kiwandani.

Tafuteni pia tarakimu nne za tarehe. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka mingi, tena juani, hukakamaa na kupata nyufa hata kama meno yake hayajaguswa.

Kubwa zaidi si bora zaidi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu anaona tairi pana anadhani litashika barabara vizuri zaidi. Likifungwa kwenye rimu nyembamba, tairi hilo hubanwa na kubadilika umbo, hivyo sehemu inayogusa ardhi si ile iliyokusudiwa. Linaweza pia kusugua mnyororo au uma wa nyuma, na nafasi ya matope kupita chini ya madigadi hupungua.

Kupunguza kipenyo nako kuna madhara. Gurudumu la mbele la inchi 21 liliwekwa makusudi ili livuke mashimo na mawe. Mkiweka dogo, pikipiki inainama mbele, usukani unabadilika tabia, na kipima mwendo kinachoendeshwa na gurudumu hilo kinasoma uongo. Na tairi la inchi 17 la bodaboda halikai kwenye rimu ya inchi 18, hata likipigwa nyundo.

Kwa hiyo kuboresha maana yake ni kurudi kwenye kipimo cha kiwandani kwa tairi la ubora wa juu zaidi, lenye meno yanayofaa njia zenu. Penye udongo mweusi wa mbuga, kama sehemu nyingi za Usukumani, meno makubwa yaliyoachana hujisafisha matope. Kwenye lami na changarawe meno hayo huisha haraka na kushika vibaya wakati wa breki, hivyo tairi la njia mchanganyiko linafaa zaidi.

Tairi jipya lifungwe na tyubu mpya ya kipimo chake. Tyubu ya zamani imekwisha kutanuka na ina viraka. Ikijikunja ndani ya tairi jipya hupasuka, na pasuko la mbele humwangusha dereva.

Siku ya kufunga

Mjumbe mmoja asimame na fundi na kuhakikisha yafuatayo:

1. Mshale ulio ubavuni mwa tairi unafuata mzunguko wa gurudumu.
2. Mkono wa chuma unaoshikilia sahani ya breki ya nyuma umerudishwa, na nati yake ina pini. Ukisahauliwa, breki ikikanyagwa sahani huzunguka na gurudumu linaweza kukwama ghafla.
3. Alama za kukazia mnyororo zinalingana pande zote mbili.
4. Upepo umejazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibao cha pikipiki au kitabu chake, tairi likiwa la baridi. Upepo mdogo hupasha tairi joto na kubana tyubu kwenye rimu.
5. Dereva ataendesha kwa upole kilomita 150 za kwanza, maana mpira mpya huteleza.

Neno kwa kamati na kwa wafadhili

Kamati ziwe na daftari la pikipiki: kipimo cha tairi, tarehe yake, kilomita lilipofungwa, na jina la fundi. Tairi libadilishwe meno yanapobaki milimita 1.5 mbele au 2 nyuma, wala msingoje liwe kipara. Shirika la Riders for Health, lililoanzia Uingereza na kufanya kazi katika nchi kama Gambia, Lesotho na Zimbabwe, lilijengwa juu ya kanuni hiyo: kipuri hubadilishwa kwa ratiba kabla hakijaharibika.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Fremu ikiwa imepasuka, au vipuri vya injini havipatikani tena, matairi mapya hayataiokoa pikipiki. Hapo barua ya kuomba mpya ni halali, na daftari litakuwa ushahidi wenu.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi kwa heshima: pikipiki mpya hupigwa picha siku ya kukabidhiwa, lakini tairi halina sherehe. Hata hivyo mgonjwa anayengoja dawa zake kigangoni haulizi pikipiki ni ya mwaka gani. Anauliza kama itafika. Tunaomba kila bajeti ya chombo iwe na fungu la magurudumu, na fungu hilo lisihamishwe.