Programu ya uongo inayojifanya mlinzi wa kompyuta



Katika maeneo yanayopokea wakimbizi wa ndani, kompyuta moja hutumiwa na watu wengi: katibu wa kamati, vijana, akina mama wa vikundi vya akiba. Ndani yake mna majina ya jamaa, namba za simu, na ushuhuda wa watu waliotendewa mabaya. Kwa hiyo kamati ikituita kwa kuwa "kompyuta imesema ina mpelelezi", tunakwenda haraka. Mara nyingi tunakuta kwamba mwongo ni ile programu iliyotoa onyo.

Hila yenyewe ni ya zamani. Mtu anatia hofu, halafu anauza dawa ya hofu hiyo. Mwezi wa Desemba 2008, tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi iliwashtaki watu waliouza programu za namna hiyo, kama WinFixer na XP Antivirus. Zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamedanganywa, kila mmoja akidaiwa karibu dola 40 au zaidi. Mwaka 2012 mahakama iliamua kwamba zilipwe zaidi ya dola milioni 163. Majina ya programu hizo yamebadilika, hila imebaki.

Mtaitambuaje?

- Onyo linatokea mkiwa kwenye intaneti, na linahesabu mamia ya virusi kwa sekunde chache. Ukurasa wa intaneti hauwezi kukagua faili zote za kompyuta yenu. Hesabu hiyo ni picha iliyotayarishwa.
- Linadai pesa kwanza, au linatoa namba ya simu. Onyo la kweli la Microsoft haliweki namba ya simu.
- Linawaharakisha: "Fanya sasa, la sivyo utapoteza kila kitu!"
- Programu imejiingiza bila ninyi kujua, tena inazuia ile ya kweli ya kukinga virusi.

Mtaiondoaje?

1. Msibonyeze kitu ndani ya dirisha hilo, hata alama ya X, maana picha nzima inaweza kuwa kitufe kimoja. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagueni programu mnayotumia kufungulia intaneti, muifunge. Kama ulikuwa ukurasa tu, mambo yamekwisha.

2. Kama onyo linarudi hata bila intaneti, programu imekwisha kuingia. Kateni intaneti. Flashi iliyokuwa humo isiingizwe kwenye kompyuta nyingine kabla ya kukaguliwa.

3. Kwenye Windows ya Kifaransa, shikeni kitufe cha Shift huku mkichagua "Redémarrer". Fuateni "Dépannage", "Options avancées", kisha "Paramètres". Kompyuta ikiwaka upya, bonyezeni 4. Itafunguka na programu chache tu za lazima. Tafuteni ile ya uongo katika orodha ya programu na kuiondoa.

4. Washeni tena kwa kawaida, mkague kwa Microsoft Defender, iliyomo bure katika Windows 10 na 11. Chagueni ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijafunguka. Huchukua yapata dakika 15.

5. Badilisheni maneno ya siri kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo safi. Aliyelipa kwa kadi aiarifu benki yake siku hiyo hiyo.

Ikishindikana, tafuteni fundi mnayemwamini, na mmoja wa kamati akae naye hadi amalize, kwa sababu ya yale majina.

Ndugu viongozi, kuna jambo moja zaidi. Kwetu "mpelelezi" si neno la mchezo. Kompyuta ikilitamka, wengine huanza kuulizana: nani aliitumia jana? Kijana wa kabila gani? Hapo programu ya mwizi aliye mbali inakuwa fitina kati ya majirani waliokimbia vita pamoja. Waelezeni watu mapema kwamba onyo la namna hii linaweza kumtokea yeyote anayefungua intaneti, na kwamba halithibitishi kosa la mtu. Anayeliona aite wenzake bila kuogopa kulaumiwa. Akificha kwa hofu, mwizi anapata siku nyingi zaidi ndani ya orodha zetu.

Tulinde kompyuta, na tulindane sisi wenyewe.