Pumu na mbio za baiskeli milimani: kushiriki au kutoshiriki?

Mkazi wa London mwenye maradhi ya pumu anayetamani kushiriki mbio za baiskeli milimani huanza kwa kuuogopa mlima. Wataalamu wa mapafu huanza kwingine: humwuliza hali ya kifua chake ilikuwaje katika majuma ya karibuni, akiwa bado nyumbani.

Mlima wenyewe si wa kudharauliwa. Mbio za maili 100 za Leadville, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, huanzia mjini, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi karibu mita 3,800. London iko mita chache tu juu ya bahari.

Hata hivyo, pumu peke yake haijawahi kuwa kizuizi. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa baiskeli ya milimani na Mkenya David Kinjah, ana pumu. Alishinda Tour de France mara 4 kati ya mwaka 2013 na 2017. Paula Radcliffe, naye mwenye pumu, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni katika barabara za London mwaka 2003.

Hewa nyembamba

Inadhaniwa na wengi kuwa kiwango cha oksijeni katika hewa hupungua mlimani. Sivyo. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, iwe London au Leadville. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao katika mita 3,000 huwa kama asilimia 70 ya ule wa pwani, na hivyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi.

Mwendesha baiskeli hulazimika kuhema kwa kasi, tena kwa mdomo. Hewa baridi na kavu huingia kifuani bila kupashwa joto na pua, hukausha utando wa mirija ya hewa, na kwa mwenye pumu mirija hiyo hujibana. Vumbi la njia huongeza adha.

Lakini mlima una fadhila zake pia. Wadudu wadogo wa vumbi la nyumbani, wanaochochea pumu, hawastawi katika hewa kavu ya juu, na ndiyo maana wagonjwa wa pumu walipelekwa kutibiwa Davos, nchini Uswisi. Wala kubaki bondeni si kinga. Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 aliyeishi kusini mashariki mwa London karibu na barabara yenye magari mengi, alifariki kwa pumu mwezi Februari 2013. Desemba 2020, mchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake.

Uamuzi

Anayeamshwa usiku na kikohozi au kifua kubana, anayehitaji inhela ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa juma, au aliyepatwa na shambulio kali hivi karibuni, pumu yake haijadhibitiwa. Huyo anafaa kuahirisha, na kwa kweli hapa hapana la kujadiliana. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza uliotolewa Novemba 2024 haupendekezi tena mgonjwa kutegemea inhela ya kutuliza pekee. Anahitaji pia dawa inayopunguza uvimbe wa mirija.

Yule ambaye pumu yake imetulia, na daktari wake ameridhika, anaweza kujiandikisha. Afike siku kadhaa mapema ili mwili uzoee, apashe mwili joto taratibu kabla ya mbio, na inhela aiweke mfuko wa ndani, kwani baridi kali hupunguza nguvu ya mpulizo wake.

Hatari kubwa ni kuukosea ugonjwa. Mapafu yanaweza kujaa maji kwa sababu ya mwinuko, na dalili zake, kikohozi na kukosa pumzi, hufanana mno na pumu. Anayehema hata akiwa amepumzika, na inhela haimsaidii, asisubiri kuona kama atapata nafuu: ateremshwe mara moja na kupelekwa kwa daktari.

Zipo pia kanuni za dawa michezoni. Salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na isizidi 600 katika saa 8 zozote. Froome alichunguzwa baada ya sampuli yake ya Septemba 2017 kuonyesha kiwango cha juu, kabla ya kuondolewa lawama Julai 2018. Vidonge vya prednisolone haviruhusiwi wakati wa mashindano bila kibali maalumu. Acetazolamide, ambayo wapanda milima wengi huimeza ili kuzuia maradhi ya mwinuko, imepigwa marufuku wakati wote.