Unataka kupika bia nyumbani? Anza na chombo kwanza, hamira baadaye

Tangu niandike ile mada ya kimea cha ulezi nimeulizwa swali lile lile na watu kama sita hivi: "Sasa bwana, hiyo pombe naichachusha kwenye nini?" Wengine wameshaanza kabisa, mmoja kaniambia ana ndoo ya rangi ya lita 20 ameiosha vizuri na sabuni ya unga, inang'aa. Ndiyo maana naandika haraka haraka leo.

Kama upo kafe na dakika zako zinakaribia kuisha, chukua hili tu: nunua ndoo MPYA ya plastiki ya chakula yenye mfuniko, jaza robo tatu tu, na usiubane mfuniko mpaka mwisho. Ndoo ya rangi usiiguse. Pipa la chuma usiliguse. Haya, wenye dakika tuendelee.

Kwanza tuelewane chombo kinafanya kazi gani. Hamira inakula sukari iliyomo kwenye maji ya kimea, inatoa pombe na inatoa gesi ya kaboni. Ukipima kwa uzito, karibu nusu ya sukari inayoliwa inakuwa pombe na karibu nusu nyingine inakuwa gesi. Watu wengi hawajui hiyo gesi ni nyingi kiasi gani. Bia lita 20 yenye pombe asilimia 5 inatoa gesi zaidi ya lita 400 mpaka imalize kuchacha. Yaani gesi ya kujaza madumu 20 inataka kutoka kwenye ndoo moja!

Mimi hili sikulijua. Mara yangu ya kwanza nilitumia dumu la njano la mafuta ya kula, nikalifunga kifuniko kwa nguvu zangu zote kwa sababu nilikuwa naogopa nzi. Siku ya pili dumu limevimba kama mbuzi aliyekula mahindi mabichi. Nikalegeza kifuniko taratibu, kumbe hakuna taratibu: kiliruka, povu likagonga dari, likashuka kwenye godoro. Mama mwenye nyumba alikuja kuuliza nani amefiwa maana nilipiga kelele. Nilikuwa na bahati lilikuwa plastiki. Lingekuwa la kioo nisingekuwa naandika hapa na macho yote mawili.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya chombo chochote: gesi iwe na pa kutokea. Njia rahisi ni kuacha mfuniko wa ndoo umelala tu bila kuubana, gesi inatoka yenyewe na nzi hawaingii. Njia bora zaidi ni kutoboa tundu dogo kwenye mfuniko, upitishe mpira mwembamba ubane vizuri, halafu mwisho wa mpira uuzamishe kwenye chupa yenye maji. Gesi inatoka ikifanya blup blup, hewa ya nje hairudi ndani. Siku za mwanzo utaisikia usiku kucha, ikipungua ujue kazi inaelekea ukingoni. Na acha nafasi juu kwa ajili ya povu. Kwenye ndoo ya lita 20 pika lita 15, usiwe na tamaa.

Sasa plastiki. Ukigeuza ndoo utaona kitako kina pembetatu yenye namba ndani. Namba 2 na namba 5 ndizo zinazotumika sana kwa vyombo vya chakula, namba 1 ni zile chupa za maji na soda. Namba 3 na 6 achana nazo. Ila hapa ndipo watu wanapopotea: namba inakwambia plastiki ni ya aina gani, haikwambii ilibeba nini. Ndoo ya rangi nayo inaweza kuwa na namba 2 au 5. Plastiki inanyonya vitu, na pombe pamoja na asidi ya bia vinaweza kuvitoa tena taratibu, wiki mbili mfululizo, vikaingia kwenye kinywaji chako. Rangi, dawa ya mifugo, dawa ya kupulizia kahawa, havioshwi vikaisha hata ungesugua mpaka Krismasi. Ukiona alama ya glasi na uma kwenye kitako, hiyo ndiyo yenyewe, maana yake chombo kimetengenezwa kukaa na chakula.

Ndoo iliyobeba chakula inafaa, lakini ifanyie jaribio. Tia maji ya moto (siyo yanayochemka kabisa, itajipinda), funga, acha ilale. Asubuhi fungua unuse. Kama unasikia achari au kitunguu, bia yako itakuwa ya achari na kitunguu. Ya mafuta ya kula nayo inaua povu, maana mafuta na povu la bia haviivani. Dumu lina shida nyingine pia: mdomo mwembamba, mkono hauingii, huwezi kujua kule ndani kwenye kona kuna nini. Ndiyo maana nasema ndoo.

Halafu usisugue ndoo kwa steelwire. Kila mchubuko ni nyumba ya bakteria, na bakteria hao ndio wanaogeuza bia kuwa siki. Tumia kitambaa laini na sabuni, suuza, kisha maji yenye Jik ile ya kawaida isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji, dakika 20, halafu suuza sana kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Jik usichanganye na siki wala ndimu hata kidogo, inatoa gesi ya klorini, hiyo inaua mtu.

Nakuja kwenye chuma, na hapa naomba msome kwa makini kwa sababu ndiyo sehemu iliyonitisha mimi mwenyewe. Bia ina asidi. Siyo kali kama ndimu, lakini inatosha kula chuma taratibu. Ndoo na mapipa ya mabati yamepakwa zinki kuzuia kutu, na asidi inaimenya ile zinki ikaingia kwenye pombe. Matokeo ni kutapika na tumbo kukata, watu wanasema "pombe ilikuwa kali" kumbe wamekunywa bati.

Chuma chenyewe bila zinki ndiyo kimya kimya zaidi. Tangu mwaka 1929 kuna daktari aliyeandika kuhusu wagonjwa Waafrika kusini mwa bara letu waliokutwa na chuma kingi kupita kiasi kwenye maini. Baadaye ikaonekana uhusiano na pombe ya kienyeji iliyopikwa na kuchachushwa kwenye masufuria na mapipa ya chuma. Mtu anakunywa kila wikiendi, miaka kumi, ishirini, na kila kikombe kinaingiza chuma kidogo. Mwili hauna njia nzuri ya kukitoa, unakiweka kwenye ini mpaka ini linaharibika. Utafiti wa miaka ya 1990 ukasema huenda na urithi wa damu unachangia, siyo wote wanaokunywa wanaugua, lakini chuma kinaingia kupitia chombo. Yaani mtu anaweza kuwa mnywaji mstaarabu tu, haanguki mtaroni, hagombani, na pipa linammaliza.

Kwa hiyo bati hapana, pipa la mafuta hapana hata likichomwa moto ndani. Sufuria la alumini chemshia tu, usilaze pombe humo. Chuma kizuri ni kimoja, kile kisichoshika kutu, ambacho viwanda vinatumia. Ukiwa na hela nunua, kinaoshwa vizuri, hakichubuki ovyo, utakirithisha. Mwanzoni huna haja nacho.

Kioo nacho, zile chupa kubwa za tumbo, kina sifa zake: hakinyonyi harufu wala hakichubuki. Lakini ni kizito, mikono ikiwa na sabuni kinateleza, kikipasuka ni kushonwa. Na kama bia yako ina hopsi, mwanga wa jua ukipita kwenye kioo cheupe unaiharibu harufu, inanuka ajabu. Kifunike na blanketi. Mimi kwa anayeanza simshauri.

Najua kuna mtu atasema: "Mbona bibi yangu Kibosho anatengeneza mbege kwenye pipa la mbao na hajawahi kuuliza habari za namba?" Hoja nzuri. Wachaga wana mapipa, kule Iringa na Njombe ulanzi unagemwa na kunywewa kwenye mianzi yenyewe, mgema wa pwani ana kibuyu, Kagera rubisi inalazwa kwenye gogo lililochongwa kama mtumbwi na kufunikwa majani ya migomba. Vyombo hivi vinafanya kazi, na sababu ni muda. Mbege, ulanzi na tembo vinanywewa vingali vinachacha, siku moja mbili vimeisha. Bakteria hawapati nafasi ya kuharibu, na huo uchachu kidogo ndiyo ladha yenyewe tunayoitaka. Tena vinyweleo vya mbao na kibuyu vinahifadhi hamira ya pombe iliyopita, kwa hiyo mpya inaanza haraka. Mtungi wa udongo usiopakwa kitu unapoza pia, kama mtungi wa maji. Lakini bia inayokaa wiki mbili ukiiweka kwenye kibuyu, utakuwa na siki. Jiulize kwanza pombe yako itakaa siku ngapi, ndipo uchague chombo. Vyungu vya kung'aa vya mapambo viache, rangi nyingine za kung'arisha zina risasi.

Joto pia. Hamira nyingi za bia zinapenda nyuzi 18 mpaka 22. Dar hapa ndani ya chumba ni 30. Ndoo iweke ndani ya karai la maji, ivalishe fulana iliyoloweshwa maji, weka pembeni pasipopigwa jua. Ndoo ya plastiki inakubali mambo hayo bila kulalamika.

Ikishaisha kuchacha, ukitaka kuweka kwenye chupa tumia za soda za plastiki, siyo za kioo. Minya kila siku. Ikiwa ngumu kama jiwe fungua kidogo ipumue.

Na mjue chombo hakiwezi kuokoa unga mbovu. Januari 2015 kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa na wengine zaidi ya 100 wakaugua baada ya kunywa pombe msibani. Kwanza watu walisema ni nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ukakuta ni sumu ya bakteria aliyeota kwenye unga wa mahindi ulioharibika, na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha. Unga ukiwa na ukungu, uliolowana, au una harufu, mwaga. Usiseme "si nachemsha bwana".

Walio chini ya miaka 18 hii mada haiwahusu. Na nimeongelea bia, sijaongelea kugema moto wala gongo, hilo ni kosa kisheria na usiniulize. Ukitaka kuuza nenda kaulize leseni kwanza.

Wadau wa Bukoba, nina swali kwenu: ule mtumbwi wa rubisi mnautengeneza kwa mti gani, na mnausafishaje baada ya kukamua? Tupia hapo chini kwenye maoni. Na yule ndugu wa ndoo ya rangi, tafadhali niambie umeimwaga.