Basi ya masomo: ni nani ana haki ya kupanda bure?



Siku moja kisha ibada, mama mmoja wa kanisa letu alinifikia na telefone mkononi. «Pasta, sikia sauti ya mutoto wangu wa kule Ulaya. Banamukatalia basi ya masomo! Anasema banamuchukia juu ni mugeni.»

Nikasikiliza. Binti yake anakaa Uingereza pamoja na bwana wake na watoto. Mkubwa, wa miaka 11, ameingia masomo ya sekondari. Masomo iko kwa maili 5, ni kusema kilometa 8. Biro ya serikali ya mji imekataa kumpa basi ya bure. Kila juma mama huyu analipa nauli, na chakula cha nyumbani kinapunguka.

Wengi wetu hapa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi tuna ndugu kule. Basi tuelezane namna sheria ile inatumika, tusiseme «ubaguzi» mbele ya kujua.

Asili yake ni ya zamani. Sheria ya masomo ya Uingereza ya mwaka 1870 ilisema kwamba mzazi hawezi kuhukumiwa kwa sababu mtoto hafiki masomo, kama hakuna masomo ndani ya maili 3. Sheria ya 1944 ikaweka vipimo viwili: maili 2 kwa mtoto asiyetimiza miaka 8, na maili 3 kwa mkubwa zaidi. Vipimo hivyo vinatumika mpaka leo. Unaona maana yake? Serikali ikikulazimisha kupeleka mtoto, na njia ikipita nguvu ya miguu yake, serikali yenyewe itafute namna ya kumfikisha. Basi si zawadi, ni upande wa pili wa amri.

Leo, kwa mtoto wa miaka 5 mpaka 16, iko milango minne ya kuingilia.

Mlango wa kwanza ni urefu wa njia. Masomo ya karibu inayomfaa mtoto na yenye nafasi ikiwa mbali kupita maili 2 (kilometa 3,2) kwa mdogo, ao maili 3 (kilometa 4,8) kwa mwenye miaka 8 na zaidi, anabebwa bure. Sikia vizuri: ni masomo ya karibu. Ukichagua ya mbali kwa kuwa watu wanaisifu, na ile ya karibu ilikuwa na nafasi, nauli ni juu yako.

Mlango wa pili ni hatari ya njia. Hata kama ni karibu, mtoto akiwa hawezi kutembea salama, anabebwa. Lakini wanahesabu kwamba mtu mkubwa anaweza kumsindikiza. Mwaka 1986 kesi moja ya jimbo la Essex ilifika mpaka kwa waamuzi wa juu kabisa. Njia ilikuwa ya upweke, bila taa, kasoro kidogo ya maili 3. Waamuzi wakasema: ikiwa mtoto mwenye kusindikizwa anaweza kuipita salama, njia ile inahesabiwa. Wazazi wakashindwa.

Mlango wa tatu ni wa mtoto mwenye kilema, ao mwenye shida ya kutembea, ao mwenye mahitaji ya pekee ya kujifunza, asiyeweza kufika kwa miguu. Hapo maili hazihesabiwi, wala mshahara wa baba.

Mlango wa nne, uliofunguliwa na sheria ya 2006, ni wa jamaa zenye mapato madogo, kufuatana na kipimo cha serikali. Mtoto wa miaka 8 mpaka 10 anabebwa kisha maili 2 tu. Mwenye 11 mpaka 16 anaweza kwenda kwa mojawapo ya masomo tatu za karibu, ikiwa iko kati ya maili 2 na 6. Na kama wazazi wamechagua masomo sababu ya imani yao, kipimo kinafika mpaka maili 15, karibu kilometa 24.

Nikamuuliza binti yule: «Bwana yako anatumika?» Akajibu: «Hapana Baba Pasta, kazi iliisha mwezi wa tisa.» «Na masomo ile ni ya ngapi kwa ukaribu?» «Ya tatu.» Ndipo nikamwambia: uligonga mlango wa kwanza, nao ulikuwa umefungwa kwa haki. Enda kugonga wa nne. Peleka karatasi za mapato. Wakikataa tena, omba sababu kwa maandiko. Mwongozo wa serikali unapana siku 20 za kazi kuomba kesi itazamwe upya, na kisha watu wengine wasiokuwa katika uamuzi wa kwanza waisikilize. Ameandika. Tunangojea jibu.

Sasa, ndugu msomaji, turudi nyumbani. Kwetu Katiba ya 2006 inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure, na bure hiyo ilianza kutumika mwaka 2019. Lakini mtoto wetu anatembea pembeni ya makamyo ya madini, ndani ya vumbi, mbele jua halijatoka. Je, tumekwisha kupima njia yake?

Sheria ya madini iliyogeuzwa mwaka 2018 inaomba kampuni ziandikiane na wenyeji kitabu cha madaraka, na kutenga angalau 0,3 kwa mia ya mauzo kwa maendeleo ya vijiji. Wakati wa mazungumzo hayo tunaomba kisima na zahanati, ni vema. Nani ameomba basi ya masomo, ao njia ya miguu kando ya barabara?

Ninyi vijana, mnaweza kuanza juma hili. Tembeeni na wadogo, hesabuni kilometa, andikeni mahali pa hatari, mpelekee chifu na kamati ya wazazi. Mama yule alilia kwa telefone, lakini karatasi ndiyo itafungua mlango, kule na hapa vilevile.