Unyevu Unaowaka

Novemba, hapa Kadutu, mjini Bukavu, shati jeupe la mtoto wa shule hufuliwa Jumamosi asubuhi na Jumatatu likavaliwa bado bichi kwenye kola na makwapa. Tumejenga kwenye mteremko, nyumba imeegemea nyumba, na ukuta wangu wa nyuma umegusana na udongo wa jirani wa juu. Mvua ikishika siku tatu, ukuta huo hutoa jasho. Rangi inavimba, inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake yanatokea madoa ya kijani na meusi. Kwa Kiswahili cha hapa nguo iko mubichi. Ukuta, kwa kuwa fundi alisomea kazi yake kwa Kifaransa, uko na humidité. Mimi ninayekula kwa kutafsiri huandika unyevu, na nilidhani neno hilo ninalijua vizuri mpaka siku liliponitia aibu mbele za watu.

Shirika moja hapa mjini lilikuwa limenipa karatasi za Kiingereza kuhusu usalama wa wachimbaji. Ndani yake nikakuta neno firedamp. Fire ni moto, damp ni unyevu. Sikuona haja ya kufungua kamusi. Nikaandika “unyevu wa moto”, nikapokea malipo yangu. Siku ya semina nikaitwa niwasomee wachimbaji, wengi wao vijana, na muzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye dhahabu ya Kamituga enzi za kampuni ya SOMINKI. Aliningoja nimalize ukurasa, akainua mkono.

“Mama, hii unyevu ya moto ni kitu gani? Maji inaweza kuwaka?”

Vijana wakaangua kicheko. Nikamwambia, baba, niachie siku moja nikatafute. Yeye hakucheka. Akasema taratibu: “Isikuwe ni ile hewa mubaya ya mu shimo? Sisi tulikuwa tunatanguliza taa. Ikizimika, hakuna mutu anashuka.”

Alikuwa amegusa penyewe. Neno damp lilipoanza kuandikwa katika Kiingereza, karne ya 14, halikuhusu nguo wala kuta. Lilikuwa jina la mvuke mbaya, hewa inayodhuru. Ndugu yake wa Kijerumani, Dampf, mpaka leo maana yake ni mvuke. Sisi wa pande hizi tumemwona huyo ndugu bila kumjua: Dampfer ni meli ya mvuke, na Wajerumani walishusha moja katika ziwa Tanganyika mwaka 1915, ikiitwa Graf von Götzen, kwa heshima ya yule afisa aliyefika ziwa Kivu mwaka 1894. Leo tunaiita Liemba. Maji ya Kivu yanatoka hapa hapa Bukavu, yanashuka na mto Ruzizi mpaka Tanganyika.

Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza ndio waliolishika neno hilo kwa mikono miwili. Chini ya ardhi kila hewa mbaya ilikuwa damp, na kila moja ilipewa jina kwa tabia yake. Ile iliyowaka, ambayo wanakemia wanaiita methani, ilikuwa damp ya moto. Ile nzito iliyolala chini na kukaba pumzi, iliyojaa hewa ukaa, ilikuwa damp nyeusi. Kulikuwa na damp nyeupe, kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Na damp inayonuka, yenye harufu ya yai viza. Mchanganyiko uliobaki shimoni baada ya mlipuko, unaowamaliza walionusurika, waliuita damp ya baadaye. Jina hilo la mwisho ndilo linalonitisha kuliko yote. Watu hawawezi kuzoea kitu kiasi cha kukipa jina jepesi hivyo kama hakijawatembelea mara nyingi.

Mwaka 1812, katika mgodi wa Felling kaskazini mwa Uingereza, methani ililipuka ikaua watu 92, wanaume na wavulana. Miaka mitatu baadaye Humphry Davy akatoa taa yenye mwali uliozungushiwa wavu mwembamba wa waya. Joto la mwali hutawanyika kwenye waya, kwa hiyo moto hautoki nje kuiwasha gesi. Taa hiyo ilisema pia: palipo na methani, juu ya mwali hutokea kofia ya buluu hafifu, penye upungufu wa oksijeni, mwali hunywea na kuzimika. Muzee wa Kamituga hakuhitaji mtu amsomee habari za Davy.

Sasa neno hilo lilifikaje kwenye shati la mtoto? Njia yake ilipitia kifuani. Kitenzi chake kilianza na maana ya kukaba pumzi, halafu kikawa kuzima moyo, kuvunja mtu ari. Kulikuwa na wakati Mwingereza akisema amepatwa na damp, alikuwa na huzuni. Unyevu umekuja mwisho, kuelekea mwaka 1700 na baada yake. Ninavyoona mimi, ni mahali penyewe palipolibadilisha: hewa mbaya ilikaa mashimoni na katika vyumba vya chini, na humo mlikuwa pia na ukuta unaolia maji. Watu waliendelea kulitaja jina lile lile huku macho yao yakihama kutoka kwenye hewa kwenda kwenye ukuta.

Kwetu hilo lisitushangaze, maana Kiswahili kina ukungu. Ukungu ni ule unaofunika ziwa asubuhi hata usione peninsula ya Nguba. Ukungu ni ule pia unaoota kwenye mkate uliosahauliwa, na kwenye ukuta wangu wa nyuma. Mvuke na uozo wa majimaji, neno moja, na hakuna anayechanganyikiwa.

Rutuba nayo imesafiri, ila kwa njia ya heri. Katika Kiarabu ruṭūba ni unyevu tu. Mwenzangu mmoja aliyekulia Maskati, akinipigia simu mwezi wa nane, hulalamika kwamba rutuba inawaua, na mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu hapa Kivu Kusini tunalia kwamba rutuba inatuishia mashambani. Alikuwa anasema habari ya jasho, mimi nikawaza maharage. Kamusi zetu za zamani bado zinaipa rutuba maana ya unyevu, lakini mkulima amekwisha kuivuta upande wake: udongo wenye maji ndio unaozaa, basi jina la maji likawa jina la kuzaa. Nchi ya jua kali ikaona baraka ndani ya unyevu, na watu wa mashimoni wakaufikia unyevu kupitia mauti.

Nilipofika hapo ndipo nilipoacha kucheka, kwa sababu sisi damp za zamani tunazo, tena nyingi kuliko Waingereza. Chini kabisa ya ziwa Kivu, katika kina cha mamia ya mita, kuna hewa ukaa iliyoyeyuka inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 300, na methani kama 60. Nyeusi na ya moto, pamoja, zimeshikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Upande wa Rwanda wanavuta methani hiyo na kuichoma: kule Karongi mtambo wa KivuWatt unatoa megawati 26 za umeme. Na pembeni ya Goma na Sake, hewa ukaa hutoka ardhini kwenye miamba ya volkeno, ikatuama mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mbuzi akishuka kula majani hapandi tena. Mtu mzima anaweza kupita na asijue, kwa sababu pua yake iko juu. Mtoto anayemfuata ndiye anayeanguka. Hewa hiyo wenyeji wanaiita mazuku.

Hilo ndilo neno nililorudi nalo kwenye semina. Nilifuta “unyevu wa moto”, nikaandika “hewa inayowaka”, na pale penye damp nyeusi nikaandika “mazuku ya shimoni”. Mmoja wa vijana akapinga, akasema mazuku ni mambo ya Goma. Muzee akamjibu kwamba hewa haina carte d’identité.

Tangu siku ile nimeanza kuogopa kitu nilichokuwa nakifanya kila Novemba. Shati likikataa kukauka, tunaingiza mbabula, lile jiko la mkaa, ndani, tunaitia makala, tunafunga mlango ili joto lisitoke, na nguo zinatandazwa kwenye viti kuizunguka. Makala yakiwaka bila hewa ya kutosha hutoa ile damp nyeupe isiyo na harufu. Kumbe nilikuwa nafukuza damp ya leo kwa damp ya zamani, ndani ya chumba ambamo watoto watatu wamelala.

Jana usiku mbabula ilibaki nje kwenye baraza, chini ya mabati, mvua ikipiga. Mashati niliyatundika ndani, dirisha nikaliacha wazi. Asubuhi mdogo alivaa lake, akakunja uso kola ilipomgusa shingo, akaniuliza kwa nini leo ni baridi hivi.