Siri zetu za mtandaoni mbele ya amri ya mahakama

Majumbani mwetu leo, mambo ambayo zamani yakizungumzwa faraghani sasa hupita ndani ya simu: posa, mirathi, maradhi, na hata ugomvi wa mume na mke. Zipo kampuni zinazotutangazia kuwa kwao siri hizo zi salama, na kwamba hata wao wenyewe hawawezi kuzisoma. Ijumaa hii tumeona vyema tuliangalie swali moja: Je, kampuni ya namna hiyo yaweza kumlinda mteja wake inapofikiwa na amri ya mahakama?

Hapana shaka Uislamu umeipa siri ya mtu heshima kubwa. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, waumini wamekatazwa kupelelezana, na neno aliloambiwa mtu kwa siri ni amana kwake. Hata hivyo, kadhi naye anayo haki ya kutaka ushahidi, ili haki ya aliyedhulumiwa isipotee. Mambo hayo mawili ndiyo yanayokutana hapa.

Mwenye ufunguo huombwa ufunguo

Tuanze na Marekani. Lavabit ilikuwa huduma ya barua pepe iliyosifika kwa usiri, ikiwa na wateja wapatao 400,000, na miongoni mwao alikuwamo Edward Snowden. Mwaka 2013 mahakama ilimwamuru mwenye huduma hiyo, Ladar Levison, atoe ufunguo wa siri uliolinda mawasiliano ya wateja wote, ingawa aliyetafutwa alikuwa mmoja tu. Kwanza aliutoa ukiwa umechapwa katika kurasa 11 kwa herufi ndogo mno zisizosomeka. Mahakama ikamtoza faini ya dola 5,000 kwa kila siku. Hatimaye aliutoa, kisha tarehe 8 Agosti 2013 akaifunga huduma yenyewe.

Tunaona basi kuwa mlinzi alikuwa mkweli na mwenye msimamo, lakini maadamu ufunguo ulikuwa mkononi mwake, ukweli wake haukuwatosha wateja.

Asiyeandika huamriwa aandike

Kisa cha pili ni cha Uswisi, nchi ambayo wengi huitaja kuwa ngome ya usiri. Kampuni ya Proton, yenye makao yake Geneva, ilikuwa ikieleza katika tovuti yake kuwa kwa kawaida haihifadhi kumbukumbu za anwani ya IP, yaani namba inayoweza kuonyesha mteja anaingia mtandaoni kutokea wapi. Mwaka 2021, kufuatia ombi la Ufaransa, mamlaka za Uswisi ziliiamuru ianze kurekodi namba hiyo kwa akaunti moja iliyotumiwa na wanaharakati wa mazingira mjini Paris. Kampuni ikatii, na mwanaharakati mmoja akakamatwa. Baadaye maneno yale ya tovuti yakabadilishwa.

Ni haki tuseme pia kwamba yaliyomo ndani ya barua hayakutolewa, kwa kuwa yamefungwa kwa msimbo ambao Proton haina ufunguo wake. Lakini kichwa cha barua, pamoja na anwani za mwandishi na mwandikiwa, havifungwi kwa namna hiyo.

Asiye nacho hana cha kutoa

Kisa cha tatu ni cha Signal. Mwaka 2016 ilifikiwa na hati ya wito kutoka jimbo la Virginia, Marekani, ikitakiwa kueleza habari za namba mbili za simu. Moja haikuwa na akaunti. Kwa ile ya pili, kampuni ilitoa mambo mawili tu: wakati akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Haikukaidi sheria, bali ghala lake lilikuwa tupu.

Hivyo basi, jibu la swali letu ni hili: hakuna kampuni halali iliyo juu ya sheria ya nchi yake. Kinachomlinda mteja ni kile ambacho kampuni haikukihifadhi tangu mwanzo, wala haiwezi kulazimishwa kukikusanya. Ahadi nzuri peke yake si kinga.

Tufanye nini majumbani?

Kwanza, tusiulize kampuni inaahidi nini, bali tuulize inahifadhi nini. Pili, tukumbuke nakala za akiba. Ujumbe wa WhatsApp hufungwa njiani, lakini nakala yake ya akiba mtandaoni hailindwi kwa kiwango hicho mpaka mwenyewe achague, fursa iliyoanza kutolewa mwaka 2021. Tatu, siri ina ncha mbili: simu ya aliyepokea ikichukuliwa, msimbo haufai kitu. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru yeyote mwenye taarifa zinazohitajika katika upelelezi azitoe.

Zana hizi zina manufaa makubwa dhidi ya wezi, wadukuzi na wafanyabiashara wa habari za watu. Tuzitumie. Ila tuwafundishe vijana wetu kuwa neno lisilofaa kuandikwa halisitiriki kwa programu, na kwamba picha au siri ya mwenzako ni amana kabla ya kufika mahakamani na baada yake.

Wallahu a'lam.